Anajua daladala zote, kitabuni anakwama. Nianzie wapi?

Mama Vitumbua (Mbagala)
Wakuu habari za jioni. Kijana wangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Kwa mdomo humuwezi. Chenji ndiyo usiseme, namwachia meza ya vitumbua nikienda kuchota maji na hela inatimia. Pale Rangi Tatu alikuwa ananiambia gari linaenda wapi kabla konda hajaita, nikajua mwanangu anasoma. Mwezi uliopita likaja gari limewekewa kibao cha Tandika, kumbe si ruti yake, linatafuta hela ya jioni tu. Yeye ananivuta mkono: "Mama twende, la Kariakoo hili." Kumbe siku zote anaangalia ule mstari wa rangi ya ruti ubavuni.

Nyumbani nikamfungulia kitabu cha darasa la pili. Kamaliza ukurasa bila kukosea. Nikaziba picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja la katikati. Kimya. Akaanza upya kimoyomoyo kutoka juu, kama anayetafuta aya kwenye juzuu aliyohifadhi, mpaka akafika pale.

Mwalimu wake anasema ni uvivu, nimpeleke tuisheni. Baba yake anasema hata yeye alichelewa kusoma, atakaa sawa tu.

Konda Mstaafu
Fimbo, mama. Sisi tulichapwa tukajua.

Mwl wa Pili B
Kaka, waliochapwa wasijue hawapo humu wakujibu, maana humu lazima usome.

Mama, umefanya kipimo ambacho hata shuleni hatukifanyi vya kutosha. Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili mkazo ni KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), na la pili wanapimwa kusoma. Lakini mimi nina watoto 118 na kipindi cha nusu saa. Wakiitikia kwa pamoja "ba be bi bo bu", anayejua na anayefuata midomo ya wenzake wanasikika sawa. Mwenye kumbukumbu kali kama wako ndiye anayenipita kabisa. Nakiri, wapo walionipita.

Mwandikie maneno yasiyokuwepo: tamuko, lipeba, ndofu. Hayo hawezi kuyakariri. Kiswahili tunakisoma kama kilivyoandikwa, kwa hiyo anayejua silabi atayatamka hata kama hayana maana. Akibahatisha kwa herufi ya kwanza, au akichanganya b na d, mb na nd, andika tarehe na alichokosea kwenye daftari. Nenda na daftari hilo kwa mwalimu wa taaluma. Ukienda na maneno matupu utajibiwa uvivu tena.

Inaweza kuwa disleksia, yaani ubongo kupata shida kuunganisha herufi na sauti zake. Haihusiani na akili wala uvivu, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Hayo maneno ya baba yake usiyapuuze. Ila mimi si wa kusema kwamba ndiyo hiyo, muulize mkuu wa shule akuunganishe na afisa elimu maalumu wa manispaa.

Tuisheni ya watoto arobaini sebuleni kwa mtu ni ileile kwaya ya darasani. Kata boksi la biskuti, andika silabi tano tu, ajenge maneno kwa mkono, dakika kumi kila siku. Akichoka acha. Na umwombe mwalimu amkalishe mbele, na maswali ya hisabati asomewe. Hesabu anazijua, kinachomwangusha ni swali.

Baba Mapacha (Tabata)
Kabla ya yote mpime macho na masikio. Mmoja wa mapacha wangu alikaa mwaka mzima anaitwa mzito, kumbe sikio la kushoto lilikuwa linatoa usaha tangu ana miaka mitatu. Hasikii tofauti ya "pa" na "ba", ataiandikaje?

Mama Vitumbua (Mbagala)
Asanteni sana, na Mwalimu shikamoo. Macho na masikio yako sawa, tumepima Jumatatu. "Tamuko" kasoma "tamu", "ndofu" kasoma "ndoo", "lipeba" kaniuliza kama ni tusi. Nimeandika zote na tarehe. Kadi anazipenda, jana kajenga "mama" na "meza" akagoma kulala.

Baba yake nimempa naye ile ya "ndofu". Kaishika, kaigeuza, halafu akasema simu inaita. Simu ilikuwa kwenye chaji, chumba cha pili.