Tupeane uzoefu: toki renchi kwenye pikipiki, mnaitumiaje?

Mleta mada
Wakuu, gereji nyingi za bodaboda hukaza kila kitu kwa mkono na kwa kukisia. Kwenye stendi ya mizigo sawa, lakini bolti ndogo inayoingia kwenye alumini ya injini haivumilii. Uzi huu ni wa wanaotumia toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwenye injini za cc 100 hadi 150. Leteni namba, hatua na kinachoharibika. Historia za maisha tuziache pembeni.

Nianze na namba ambazo Honda huzitoa kwa bolti na nati za kawaida ambazo kitabu cha ufundi hakikuzitaja kwa jina, kwa Nm (niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza): unene wa thredi wa mm 5 ni Nm 5, mm 6 ni Nm 10, mm 8 ni Nm 22, mm 10 ni Nm 34, mm 12 ni Nm 54. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

SpanaKumi
Hapo kwenye namba pana mtego, mkuu. Mafundi wetu huita bolti kwa spana yake: "bolti ya kumi", "bolti ya kumi na mbili". Kitabu huita kwa unene wa thredi. Bolti ya kifuniko cha klachi inayofunguliwa kwa spana 10 (nyingine 8) ina thredi ya mm 6. Ya spana 12 kwa kawaida ni mm 8, ya spana 14 mara nyingi ni mm 10. Sasa mtu aone "mm 10 = Nm 34" aipeleke kwenye bolti ya spana 10: atakata kichwa cha bolti au atang'oa thredi yote kwenye bloku. Pima thredi kwa kalipa kwanza, sekunde tano tu.

Mtego wa pili ni vipimo vya kwenye mpini. Toki renchi nyingi za dukani zina mistari miwili, Nm na futi-pauni. Futi-pauni 1 ni Nm 1.36, kwa hiyo ukiseti 12 kwenye mstari usio wako umeshafika Nm 16. Vitabu vya Kijapani huandika pia kgf·m: zidisha kwa 9.8 upate Nm.

Mzee wa Gasketi
Ukubwa wa toki renchi ndio wengi wanakosea. Wananunua ile ndefu ya nusu inchi (upana wa mraba wa kuchomekea soketi) ya matairi ya gari, Nm 40 hadi 200, halafu wanataka ikaze Nm 10. Hata ile inayoanzia Nm 20 haifai kwa bolti ya mm 6. Pikipiki inataka mbili: ya robo inchi yenye Nm 5 hadi 25 kwa injini, na ya Nm 20 hadi 110 kwa ekseli na uma wa mbele. Kama pesa inatosha moja, chukua ndogo, maana madhara makubwa yako kwenye injini.

Namna ya kushika: mkono ukae katikati ya mpini, vuta polepole kwa mwendo mmoja. Ikilia "tak", acha. Wale wa tak-tak-tak tatu "kwa uhakika" wanaongeza mkazo kila mara. Usifungulie nayo nati iliyoganda. Ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo chake, usiilegeze kupita hapo.

KlachiPleti
Swali: bolti zipakwe oili au zikae kavu? Hapa kijiweni kuna kambi mbili.

SpanaKumi
Kavu na safi, isipokuwa kitabu kimesema paka. Sababu: sehemu kubwa ya nguvu unayoweka, karibu asilimia 90, huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti na kwenye thredi. Kinachobaki ndicho kinachobana. Ukipaka oili msuguano unapungua, spana inalia kwenye namba ileile huku bolti imevutika zaidi. Grisi ya shaba kwenye plagi ina kosa hilohilo.

Plagi yenyewe: ya thredi mm 10 ni Nm 10 hadi 12, ya mm 12 ni 15 hadi 20, ya mm 14 ni 25 hadi 30, kwenye hedi ya alumini. Injini lazima iwe baridi. Ingiza kwa vidole mpaka ikae. Ikikataa kwa vidole imeingia upande, itoe uanze upya. Huna toki renchi? Plagi mpya yenye wosha: ikishakaa, zungusha nusu mzunguko. Wosha iliyokwisha kubanwa haitaki zaidi ya sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko.

Mzee wa Gasketi
Ongeza hili: tundu lisilotokea upande wa pili. Likiwa na oili au maji chini, bolti inakandamiza kimiminika, spana inalia mapema, kumbe kichwa hakijagusa kifuniko. Ukiendelea kulazimisha, alumini inapasuka. Puliza kwa upepo wa kompresa, funika macho.

Hedi (kichwa cha silinda): nati nne, kwa msalaba, kwa awamu. Kitabu kikisema Nm 27, kaza zote kwa Nm 10, kisha 20, kisha 27. Kufungua pia kwa msalaba, robo robo, injini ikiwa baridi. Ukimaliza moja moja, hedi inapinda na gasketi inavuja.

Nati ya kumwagia oili: wosha mpya kila mara. Ile ya zamani imeshabonyea, ndiyo maana watu wanakaza mpaka thredi inakufa wakitafuta kuzuia tone moja.

Ekseli ya Nyuma
Nati ya taji ya ekseli, ile inayofungwa kwa pini: kaza mpaka namba ya kitabu, na kama tundu halijalingana, songa mbele kidogo hadi tundu linalofuata. Usirudi nyuma. Kisha pima tena ulegevu wa mnyororo, kwa sababu ekseli husogea wakati wa kukaza.

Mahali soketi haifiki ukalazimika kuweka kichwa cha kurefusha mbele ya spana, namba inabadilika: zidisha namba unayotaka kwa urefu wa spana, gawa kwa urefu wa spana pamoja na nyongeza. Spana ya sm 30, nyongeza sm 5, unataka Nm 35: seti 30. Nyongeza ikikaa pembe mraba na spana, usibadilishe kitu. Ekstensheni iliyonyooka chini ya soketi haibadilishi.

KlachiPleti
Na nitajuaje kama hii ya kwangu ya mtumba bado inasema kweli?

Ekseli ya Nyuma
Bana mraba wake wa kuchomekea soketi kwenye jiriwa, mpini ulale sawasawa na ardhi. Tundika dumu la maji lenye uzito wa kilo 5 kamili, pima kwenye mizani ya duka, sm 25 kutoka katikati ya mraba. Hiyo ni Nm 12.3, jumlisha kidogo kwa uzito wa spana yenyewe. Ukiseti 11 ilie, ukiseti 15 isilie. Ikilia kwenye 15, ipeleke ikarekebishwe au nunua ile ya mshale unaoonyesha namba badala ya kulia, haina springi ya kuchoka.