Kivinjari kinarudi kwenye Kijerumani ingawa nimeshachagua Kiswahili: tatizo liko wapi?

Swali kutoka kwa mwenye steshenari, Morogoro

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaendesha steshenari ndogo hapa Morogoro, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni: maombi ya ajira, ya vyuo, ya mikopo ya wanafunzi na ya pasipoti. Hivi karibuni nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika, iliyoingizwa nchini kutoka Ujerumani ikiwa na Windows 11 na Chrome, vyote kwa Kijerumani, lugha ambayo siifahamu kabisa.

Nimefanikiwa kuongeza Kiswahili kwenye orodha ya lugha za Chrome na kukiweka juu kabisa, na menyu za kivinjari sasa zinasomeka kwa Kiswahili. Hata hivyo, tovuti nyingi bado zinafunguka kwa Kijerumani, na nikifungua gazeti la Kiswahili kivinjari kinautafsiri ukurasa mzima kwenda Kijerumani bila kuniuliza. Kibodi imebandikwa stika za herufi za Kiingereza, lakini nikibonyeza Z inatokea Y, kiasi kwamba Zanzibar inaandikika Yanyibar, na nikibonyeza Shift pamoja na 2 sipati alama ya @ bali alama ya kunukuu. Kwa mtu anayeandika anwani za barua pepe za wateja kutwa nzima, hilo peke yake ni usumbufu mkubwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni tarehe. Baadhi ya fomu zinaonyesha siku kwanza na nyingine zinaonyesha mwezi kwanza, hivyo mteja aliyezaliwa tarehe 4 Machi anaweza kuandikwa kuwa amezaliwa tarehe 3 Aprili, na kasoro hiyo isionekane mpaka taarifa zake zitakapolinganishwa na cheti cha kuzaliwa. Naomba mnielekeze pa kuanzia.

Jibu kutoka kwa fundi wa kompyuta, Mbeya

Ndugu yangu, anza na Windows kabla ya kurudi kwenye kivinjari, kwa sababu mambo mengi ya Chrome yanarithiwa kutoka kwenye mfumo ulio chini yake. Kwa kuwa Kijerumani hukisomi, usihangaike kutafuta menyu kwa kubahatisha. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na herufi R, kisha kwenye kisanduku kitakachofunguka andika ms-settings:regionlanguage na ubonyeze Enter. Anwani za namna hii hazibadiliki hata kompyuta iwe kwa lugha gani. Hali ni hiyo hiyo kwa Chrome: ukiandika chrome://settings/languages pale juu unapoandikia anwani za tovuti, utafikishwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa lugha. Angalia tu kwamba kwa sasa kibodi yako imebadilishana Y na Z, na alama nyingi za uandishi nazo haziko pale stika zinapoonyesha: nukta pacha (:) utaipata kwa Shift na kitufe cha nukta, mkwaju (/) kwa Shift na 7, na kistari (-) kwenye kitufe kilicho upande wa kulia wa nukta.

Kwenye ukurasa huo wa Windows, lugha ya kuonyesha maandishi iko juu, orodha ya lugha unazopendelea inafuata, na chini yake kuna nchi pamoja na muundo wa tarehe na namba. Ongeza Kiingereza cha Uingereza, kifanye kuwa lugha ya maandishi, toka kwenye akaunti ya Windows na uingie upya, ndipo ukifute Kijerumani. Kabla ya hapo Windows haitakubali kukifuta kwa sababu bado inakitumia. Nchi iweke Tanzania. Katika muundo wa tarehe chagua Kiswahili cha Tanzania au Kiingereza cha Uingereza, ambavyo vyote huweka siku kwanza, na usichague Kiingereza cha Marekani, kwa kuwa hicho hutanguliza mwezi. Jambo hili linahusu pia hesabu zako za dukani: kwa muundo wa Kijerumani, 1.500 ni elfu moja na mia tano, ilhali kwa muundo wa Kiingereza ni moja na nusu, na jedwali la hesabu litakupa jumla ya ajabu bila kukuonya.

Kuhusu kibodi kuna mtego mmoja. Ukiongeza Kiingereza cha Uingereza, Windows itakuwekea na mpangilio wa kibodi ya Uingereza, ambao @ yake haiko juu ya 2. Kwa kuwa stika zako zinaonyesha @ juu ya 2, unachohitaji ni mpangilio wa Marekani. Bonyeza nukta tatu zilizo pembeni ya lugha hiyo, ingia kwenye chaguo zake, ongeza kibodi ya Marekani na uondoe ile ya Uingereza. Lugha na kibodi ni vitu viwili vinavyojitegemea, wala hakuna ubaya wa kuchanganya hivyo.

Ukikuta Windows inakataa kubadilisha lugha ya maandishi, andika winver kwenye kisanduku kile kile cha mwanzo uone ni toleo gani. Lipo toleo la Home la lugha moja tu, na hilo halibadilishi lugha kwa njia hii. Muundo wa tarehe, kibodi na kivinjari bado utaweza kuvirekebisha.

Jibu kutoka kwa mtengenezaji wa tovuti, Nairobi

Fundi amekuelekeza vyema upande wa kompyuta. Nami niongezee kwa nini tovuti zinakuja kwa Kijerumani ilhali Kiswahili kiko juu, kwa sababu tatizo hili linawapata wasomaji wengi wa Kiswahili bila wao kujua chanzo chake.

Kila unapoomba ukurasa, kwa kawaida kivinjari hutuma pamoja na ombi hilo mstari uitwao Accept-Language, unaotaja lugha unazotaka kwa mpangilio wa upendeleo. Kwa maelezo yako, nadhani mstari wako unafanana na huu:

sw,de-DE;q=0.9,de;q=0.8,en-US;q=0.7,en;q=0.6

Namba zinazofuata herufi q ni uzito, kati ya 0 na 1, na lugha isiyo na namba huhesabiwa kuwa na 1. Hivyo basi kivinjari chako kinasema: nipe Kiswahili, kisipopatikana nipe Kijerumani, na Kiingereza kije mwisho. Tovuti yenye Kiswahili itakupa Kiswahili. Lakini tovuti nyingi duniani hazina Kiswahili, kwa hiyo seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inashuka hadi lugha ya pili, inakuta Kijerumani, nayo inatii ilichoambiwa. Mjerumani au Mfaransa anaweza kuishi miaka mingi bila kuitazama lugha ya pili katika orodha yake, kwa sababu ya kwanza karibu kila mara inapatikana. Kwetu sisi lugha ya pili ndiyo inayofanya kazi kubwa, na inafaa ichaguliwe kwa uangalifu ule ule. Fungua chrome://settings/languages, futa aina zote za Kijerumani, kisha uache Kiswahili, Kiingereza cha Uingereza na Kiingereza cha kawaida, kwa mpangilio huo. Ni matumaini yangu kwamba wenzangu wanaotengeneza tovuti hapa Afrika Mashariki wataweka Kiswahili katika kazi zao, maana vivinjari vimekuwa vikikiomba kwa muda mrefu.

Kwenye ukurasa huo huo kuna sehemu ya tafsiri. Lugha ya kutafsiria bila shaka imebaki Kijerumani. Ibadilishe, na ukiweke Kiswahili kwenye orodha ya lugha zisizotafsiriwa kamwe.

Sasa tarehe, ambayo kwa kazi yako ndiyo nzito. Vipo visanduku vya aina mbili, navyo havina tabia moja. Aina ya kwanza huchorwa na kivinjari chenyewe: mpangilio wake hufuata lugha ya kivinjari na mfumo wa kompyuta, lakini kinachotumwa kwa seva ni kile kile daima, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, mfano 1990-03-04. Kwa aina hii, ukishaweka mipangilio sawasawa, visanduku vyote vitafanana katika tovuti zote. Aina ya pili ni kisanduku cha maandishi ambacho mwenye tovuti amekitengeneza mwenyewe. Hapo mpangilio ni uamuzi wake, na hakuna utakachobadilisha kwenye kivinjari kitakachomgusa. Ndiyo maana unaona siku kwanza huku na mwezi kwanza kule katika kompyuta moja. Panapokuwa na kalenda, chagua tarehe kwa kubofya, kwa sababu kalenda huonyesha jina la mwezi. Pasipokuwa na kalenda, jaribu kwanza tarehe kama 25/12 na uone kama inakubaliwa. Ikikataliwa, fomu hiyo inataka mwezi kwanza. Kisha, kabla ya kutuma, mgeuzie mteja kioo asome mwenyewe tarehe yake kwenye ukurasa wa muhtasari.

Jibu kutoka kwa mkaazi wa Muscat

Assalaam alaykum. Nachangia kidogo kuhusu jambo ambalo halijaguswa. Mimi ninaishi Oman, na kivinjari changu kina Kiswahili kwanza na Kiingereza pili. Kiarabu hakimo kabisa. Bado tovuti kadhaa za maduka na za tiketi za ndege hunifungukia kwa Kiarabu, mistari ikianzia kulia. Tovuti hizo hazisomi orodha ya lugha. Zinaangalia anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wangu wa intaneti, zinaona kwamba niko Oman, na zinaamua kwa niaba yangu. Katika hali hiyo tafuta alama ya dunia au jina la nchi juu au chini kabisa ya ukurasa, uchague lugha hapo, na tovuti itakumbuka chaguo lako kwa kidakuzi, yaani faili dogo inaloliacha kwenye kivinjari. Tabu ni kwamba kidakuzi hicho hicho kinaweza kuwa kimehifadhi chaguo la mtu aliyekutangulia. Fungua chrome://settings/content/all, tafuta tovuti inayokusumbua na ufute data zake pekee. Hakuna haja ya kufuta kila kitu na kujikuta umetolewa kwenye akaunti zako zote.

Kwa kuwa wewe uko Morogoro, anwani yako ya IP haitakiwi kuonekana ya Ujerumani hata kidogo. Ukiona matangazo yana bei za yuro, hakikisha kwamba kompyuta haikubaki na VPN au proksi (njia za kupitishia intaneti kwenye kompyuta nyingine ya mbali) ya mwenye nayo wa zamani. Ya proksi utaiona kwa kuandika ms-settings:network-proxy. Na kama umeingia kwenye akaunti ya Google, fahamu kwamba akaunti nayo ina lugha yake, inayobadilishwa kwenye taarifa zako binafsi ndani ya akaunti, na huduma zake hufuata hiyo.

Mwenye steshenari, Morogoro

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Kijerumani kilikuwa cha pili kweli, na baada ya kukifuta tovuti nyingi sasa zinafunguka kwa Kiingereza au Kiswahili. Tafsiri imekoma, @ imerudi juu ya 2, na visanduku vya tarehe vya kivinjari vyote vinaonyesha siku kwanza. Limebaki jambo moja: chini kabisa ya menyu ya Chrome kuna sentensi inayosema kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika, na leo asubuhi nimekuta Kijerumani kimerudi kwenye orodha ya lugha. Je, hii ina maana gani?

Fundi wa kompyuta, Mbeya

Inaelekea kompyuta ilikuwa mali ya kampuni, na amri za msimamizi wake bado ziko ndani. Andika chrome://policy uone orodha yake. Ukikuta ForcedLanguages, hiyo ndiyo inayolazimisha lugha katika orodha. ApplicationLocaleValue ni ile inayolazimisha lugha ya menyu. Wapo watakaokushauri kufuta amri hizo moja moja kwenye sajili ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake ya ndani. Mimi sikushauri hivyo, kwa sababu unaandika humo namba za vitambulisho na taarifa za wazazi wa wanafunzi, na hakuna ajuaye ni kitu gani kingine cha msimamizi huyo kimebaki.

Nakili kazi zako kwenye diski ya nje, pakua Windows 11 kutoka kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe ukichagua Kiingereza cha kimataifa, iweke kwenye flashi, kisha usakinishe upya ukifuta sehemu zote za diski ya ndani. Ukisakinisha toleo lile lile lililokuwemo, kwa kawaida leseni hujitambulisha yenyewe mara kompyuta inapopata intaneti. Ikiwa wakati wa kuanza itakuletea ukurasa wa kuingia wenye jina la kampuni, simama hapo hapo: kompyuta hiyo bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani, na aliyekuuzia ndiye anayepaswa kumtafuta aifute kwenye usajili wake au akurudishie fedha zako.

Mpaka utakapomaliza kazi hiyo, fomu za wateja zijaze kwa kompyuta nyingine.