MJADALA: Sheria itulazimishe kufunga mazao kwenye gunia la mkonge?

Mshona mikoba, Ngamiani

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Tanga. Ijumaa iliyopita barazani kwetu ilizuka hoja iliyotuweka mpaka adhana ya Alasiri. Wengine walitaka serikali itunge sheria kwamba kila zao linalouzwa kwa gunia, liwe mahindi, mpunga, maharage au korosho, lifungwe kwenye gunia la mkonge, na kiroba cha salfeti, yaani ule mfuko wa plastiki uliofumwa, kipigwe marufuku kama ilivyopigwa marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Wengi waliafiki. Mimi nilikataa, na kwa kuwa nilikatizwa kabla sijamaliza, naileta hoja yangu hapa.

Sikatai kwa kuuchukia mkonge. Mkonge ndio ulionilea. Baba alikuwa akilisha majani kwenye korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye jani la mkonge, mama akianika singa, yaani nyuzi zenyewe, na mimi leo nakula kwa mikoba ya mkonge. Nakataa kwa sababu gunia tunalotaka kumlazimisha mkulima wetu hatujawahi kulitengeneza kwa ajili yake.

Tazameni zao lenyewe lilivyofika. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Miaka sabini baadaye Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, na mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000. Singa zote zile zilikuwa za kufanyia nini? Kamba za meli, na zaidi ya hapo kamba za kufungia majani makavu na ngano kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani. Mashine ya mkulima wa kule ndiyo iliyoamua unene wa kamba, urefu wake, hata daraja la singa tulizopanga ghalani. Ilipokuja kamba ya polipropilini, aina ya plastiki, nyepesi na isiyooza, mkulima yule akahama. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye tani 20,000 hivi. Utaifishaji wa 1967 hulaumiwa sana, na una sehemu yake, sikatai. Lakini kamba ile ilichorwa kwa ajili ya mteja mmoja wa mbali, na alipoondoka hapakuwa na mwingine wa kuipokea, maana hakuna aliyewahi kumuuliza mtu wa Muheza au Handeni anahitaji nini.

Sasa wenzangu wanataka kumbadilisha mteja kwa nguvu, bidhaa ibaki vilevile.

Naijua shida hii kwa mikono yangu. Mikoba yangu ya mwaka wa kwanza watu waliinunua kwa kunipenda, kisha hawakurudi. Mama mmoja wa Raskazone akanieleza ukweli: mpini unakwaruza bega, na singa zinabaki kwenye baibui. Nilirudi nyumbani nikazipiga singa brashi mara mbili, mpini nikauvisha kanga, ndani nikatia bitana. Bei ilipanda kidogo. Yule mama alirudi, na safari hii alikuja na dada yake. Naomba mawazo yenu.

Mzee wa Korogwe, niliyefanya kazi mashambani

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho. Umesema kweli nyingi, lakini kuna mzani mmoja umeusahau. Kiroba kinaonekana rahisi kwa sababu gharama yake halipi anayekiuza wala anayekinunua. Kikipigwa jua miezi michache kinapukutika nyuzi nyuzi. Nyuzi hizo zinaingia shambani, kwenye mifereji, baharini, na ng'ombe wanazila. Gunia la mkonge likichoka unalitupa chini ya mgomba, linaoza. Mtaje gharama zote, kisha tuone kipi ni rahisi.

Na hilo la kulazimishwa, watu walilia vilevile mwaka 2019. Leo nani anauliza mfuko wa rambo sokoni Mgandini?

Mshona mikoba, Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Hilo la gharama isiyolipwa nakubaliana nawe kabisa. Ila nenda Mgandini kesho utazame kilichokuja badala ya rambo. Ni ile mifuko mbadala tunayoiona kama kitambaa. Ile nayo ni polipropilini, sema haikufumwa. Sisi tuliosuka ukili na kushona vikapu tulidhani zamu yetu imefika. Kikapu cha ukindu hakikurudi sokoni, kwa sababu hakikunjiki kikaingia mfukoni, na hakuna aliyekaa chini kukibuni upya. Sheria ilimtoa mmoja, akaingia ndugu yake.

Mkulima wa machungwa na mahindi, Muheza

Mimi ndiye mnayetaka kunilazimisha, basi nisikilizwe. Gunia la nyuzi za asili la kubeba kilo 100 lenyewe lina karibu kilo moja. Kiroba ni gramu mia na kidogo. Bei ya gunia hilo ni mara kadhaa ya kiroba. Likinyeshewa linanywa maji, na mahindi yakilala humo yanaota ukungu. Kuhusu dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, ndiyo tusiseme. Mahindi ya kula nyumbani nayaweka kwenye ule mfuko wa tabaka tatu, Kinga Njaa, unaoziba hewa mpaka wadudu wanakufa bila dawa. Tabaka mbili za ndani ni plastiki tupu. Mkiipiga marufuku hiyo, nitarudi kwenye dawa za unga, na watoto wangu wanakula humo. Je, hiyo ndiyo tunaiita kutunza mazingira?

Kuna jambo jingine sijaona likisemwa. Gunia la mkonge linatanuka, na gunia linalotanuka ndilo lumbesa inalolipenda. Mnunuzi anashindilia, anashona kofia juu, analipa kama gunia moja. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo tangu enzi, na bado msimu kwa msimu natoa debe la bure. Kwa hiyo mkiniambia sheria italeta gunia jema, naomba mnisamehe.

Mfanyakazi wa kiwanda, Tanga

Ndugu zangu, mnasahau kwamba viroba hivyo havishuki kutoka mbinguni. Vinafumwa hapa hapa Tanga, na mimi ni mmoja wa wanaovifuma. Chembechembe za plastiki zinaagizwa kutoka nje, ni kweli, lakini kuziyeyusha, kuzivuta nyuzi, kufuma, kukata, kushona na kuchapa ni mikono ya vijana wa Mabawa, Makorora na Pongwe. Mkisema marufuku, semeni pia sisi tunakwenda wapi. Mkonge ulipoanguka wazazi wetu waliachwa mashambani bila kuambiwa lolote. Sitaki tuurudie mchezo ule kwa jina la mazingira.

Mabaki ya kiwandani tunayayeyusha tena. Yanayopotea ni yale yaliyokwisha kufika kwa mkulima, kwa sababu hakuna anayeyarudisha wala anayeyanunua. Hapo ndipo ningependa sheria iguse: anayeuza kiroba awe na njia ya kukipokea kikichakaa.

Niliyesimamia ghala la korosho na kahawa, Chumbageni

Nachangia kidogo tu, kwa sababu naona kila mtu anazungumzia gunia kana kwamba ni moja. Korosho yetu haifungwi kwenye kiroba. Inafungwa kwenye gunia la juti, na juti hiyo tunaiagiza kutoka India na Bangladesh. Nyuzi za asili, soko lipo, fedha za kigeni zinatoka kila msimu, huku Tanga tukikaa juu ya singa. Kahawa ni hivyo hivyo.

Kwa nini basi hatufungi kwenye mkonge wetu? Kwanza, uzi wa mkonge ni mnene na mgumu kuliko wa juti, kwa hiyo gunia linakuwa zito na mfumo wake una matundu. Pili ni mafuta. Ili uzi upite kwenye mashine ya kusokota, unapakwa mafuta. Zamani yalikuwa mafuta ya madini, jamii ya dizeli, na yalikuwa yanahamia kwenye chakula na kuacha harufu. Tangu mwaka 1998 kuna kiwango cha kimataifa cha magunia ya juti ya vyakula: mabaki ya mafuta hayo yasizidi miligramu 1,250 kwa kilo ya gunia. Viwanda vya Asia vikahamia mafuta ya mimea. Anayetaka kuwauzia wenye korosho gunia la mkonge aanzie hapo, kwenye pipa la mafuta na kipimo cha maabara, kabla ya kwenda Dodoma kudai sheria.

Mshona mikoba, Ngamiani

Ndugu wa Chumbageni, umenipa nilichokuwa nakitafuta bila kukijua. Tumekuwa tukigombania mahindi, ambako gunia letu linashindwa kwa uzito, kwa unyevu na kwa wadudu, na tumewaacha wenye korosho ambao tayari wananunua nyuzi za asili.

Niongeze mfano ambao kila mmoja wenu ameuona bila kuutilia maanani. Inueni macho mtazame dari. Mafundi wa jipsamu wanaomimina zile mbao na mikanda ya urembo wanachanganya jasi, yaani unga wa jipsamu, na katani, yaani singa za mkonge. Bila katani jasi inapasuka ikibebwa tu. Hakuna waziri aliyewalazimisha. Singa imeingia mahali ambapo ugumu wake, uleule uliokwaruza bega la mteja wangu, ndio unaohitajika. Mimi naamini huko ndiko kwa kuanzia: tuulize singa inaweza nini kuliko nyuzi nyingine, kisha tuende kwa mwenye haja hiyo.

Kiwanda cha viroba nacho sikioni kama adui. Vijana wanaojua kufuma na kushona wapo pale. Ukija uzi wa mkonge mwembamba, laini, uliosokotwa kwa mafuta ya mimea, nani ataufuma kama si wao? Na wazo la kuvipokea viroba vilivyochakaa naliunga mkono bila sharti.

Kuhusu lumbesa, dada au kaka wa Muheza, hilo limeniuma. Hilo nalo ni la kubuni. Gunia la mahindi likatwe kwa ujazo wa mahindi, mdomo uishie pale kilo zinapoishia, na ukingo wake ufumwe kwa rangi tofauti ili kofia ikishonwa ionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Gunia refu la kila zao ndilo linalompa mnunuzi nafasi.

Mzee wa Korogwe

Nawasoma. Sijabadili msimamo kuhusu sheria, lakini naona mmefika mbali kuliko baraza letu. Niwakumbushe tu kwamba singa ni kama asilimia nne ya uzito wa jani. Asilimia tisini na sita ni maji na makapi, na kwa miaka mingi tuliyamwaga yakaelekea mitoni, maji yakawa makali, samaki wakafa. Pale Hale walijenga mtambo wa kuyageuza makapi kuwa biogesi na umeme, wa kwanza wa aina yake. Kwa hiyo msijisifu kwamba mkonge ni safi kwa sababu tu gunia linaoza. Anayebuni gunia aanzie kwenye korona, si kwenye cherehani.

Mkulima, Muheza

Ni kaka. Mimi nina jambo la vitendo. Machungwa yangu yanapakiwa kwenye lori bila kifungashio, yanamwagwa tu kama kokoto, na ya chini yanafika Dar es Salaam yamepondeka. Neti za plastiki zinakata ganda zikibanwa. Mshona mikoba, unaweza kufuma neti ya mkonge ya kubeba kama machungwa hamsini, isiyokwaruza, isiyonitoa jasho kwa bei? Niletee kumi kabla ya msimu. Nitazipakia lori moja na machungwa mengine yaliyo wazi, tuone yapi yanafika.

Mshona mikoba, Ngamiani

Nakuja Muheza wiki ijayo nipime machungwa yenyewe kwanza. Singa nitazipiga brashi mara tatu, na fundo nitaliweka upande wa nje. Neti zitakaporudi kutoka Dar nazitaka, hata zilizochanika, nione zimechanika wapi.

Mzee wa Korogwe

Ukipiga hesabu ya hiyo neti, usianze na cherehani wala faida yako. Anza na anayekata jani kwa panga juani, miba ikimlenga jicho. Bei ikishuka, yeye ndiye hupunjwa wa kwanza. Nilikuwa mmoja wao. Hesabu hiyo iweke hapa tuione.

Mshona mikoba, Ngamiani

Nitaiweka yote, mzee wangu: jani, korona, kuanika, brashi, kufuma, nauli. Mstari wa kwanza utakuwa wa mkata mkonge, na nitamuuliza mwenyewe kabla sijauandika.