Nywele za binti yangu zinarudi kunuka siku moja tu baada ya kuoshwa

Mama Wawili, Tanga

Assalaam aleikum, wazazi wenzangu. Nina binti wa miaka 6 mwenye nywele nyingi na nzito, ambazo humsuka twende kilioni kila baada ya wiki tatu, kwa sababu asubuhi anakwenda shule, alasiri anakwenda madrasa, na mimi sina nafasi ya kumchana kila siku. Tangu mvua za masika zianze, kichwa chake kimekuwa kikitoa harufu ambayo naona haya hata kuieleza. Si jasho wala si moshi wa jikoni. Ni uchachu kama wa tui lililolala, na mara nyingine ni uvundo wa nguo iliyoanikwa ndani ya nyumba. Nikimwosha kwa shampuu harufu hutoweka, lakini kesho yake jioni akivua mtandio imekwisha kurudi.

Nimejaribu maji ya ndimu, yakamwasha hadi akalia. Nimempaka mafuta ya nazi niliyoyatia karafuu, na foronya yake naibadilisha kila siku. Mama mkwe anashauri ninyoe nywele zote tupumzike, lakini mtoto mwenyewe hataki, na juzi alirudi kutoka madrasa akilia kwa kuwa mwenzake alihama mkeka kwa sababu yake. Sijui kama hili ni suala la usafi au la ugonjwa, na ningependa kujua pa kuanzia kabla sijashika wembe.

Msusi wa Siku Nyingi

Waaleikum salaam, dada. Nimesuka watoto kwa zaidi ya miaka 20, na swali langu la kwanza ni hili: je, unamsuka nywele zikiwa zimekauka hadi kwenye mashina? Nywele nzito hudanganya, kwani juu huonekana kavu ilhali chini bado zina majimaji, hasa wakati wa masika, ambapo hata kanga inaweza kukaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka. Ukizibana katika mistari zikiwa hivyo, kisha ukazifunika kwa mtandio kuanzia mchana hadi magharibi, unyevu hukosa pa kutokea, na uvundo huo wa nguo iliyoanikwa ndani hutoka papo hapo.

Jambo la pili, inuse chupa ya mafuta. Mafuta ya nazi ya kujikamulia ambayo hayakuchemshwa hadi maji yote yakaisha hubaki na mabaki ya tui chini, na hayachukui muda kuchacha. Yakiwa ndani ya chupa huenda usiyashuku, kwa sababu karafuu imeyafunika. Yakipata joto la kichwa ndipo yanapojitangaza. Mimi mwenyewe niliwahi kumlaumu mtoto wa mteja wangu kwa uchafu, kumbe chupa iliyokuwa juu ya rafu yangu ndiyo iliyokuwa imeharibika, ikanilazimu kumwomba mama yake radhi mbele ya watu.

Kwa hiyo mfumue, umwoshe kwa shampuu mara mbili katika kikao kimoja huku ukisugua ngozi kwa ncha za vidole na si kwa kucha, na ikiwa maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, msuuze mwisho kwa maji ya mvua, kwani maji ya chumvi huacha utando wa sabuni kichwani. Kisha mwache wiki nzima bila kumsuka na bila tone la mafuta, na umfunge mabutu makubwa yaliyolegea tu. Harufu isiporudi, mkosaji umemjua.

Babu wa Pangani

Wanangu, mnajisumbua bure. Sisi tulipakwa mafuta ya taa kichwani, tukafungwa kitambaa usiku kucha, na asubuhi chawa na uvundo vyote vimekwisha. Hakuna aliyekufa.

Tabibu wa Watoto

Shikamoo, babu. Naomba unisamehe nikipinga, kwa kuwa jambo hili nimelishuhudia kazini. Mafuta ya taa huunguza ngozi ya kichwa, na mtoto akiyameza, hata kidogo, yanaweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia mbaya. Tena kichwa kilicholowa mafuta hayo karibu na kibatari au jiko la mkaa ni moto unaosubiri cheche. Chawa wana dawa zao, na kitana chenye meno ya karibu karibu husaidia sana.

Mama Wawili, aliyoyasema msusi ni ya kweli na uyafanye, ila nina sababu ya kutotosheka nayo. Tezi za jasho lenye harufu kali, kama la kwapani, huwa hazijaanza kazi kwa mtoto wa miaka 6. Huamka anapokaribia kubalehe. Kwa hiyo harufu nzito katika umri huu hutoka nje, yaani kwenye mafuta, unyevu na vumbi, au hutoka mahali penye ugonjwa. Ili kujua ni ipi, usinuse kichwa kizima kwa pamoja. Mkalishe mlangoni penye mwanga, zigawe nywele mafungu mafungu, kisha nusa utosi peke yake, kisogo peke yake, nyuma ya kila sikio, na hata tundu la sikio na la pua.

Msinicheke kwa hilo la pua. Niliwahi kuletewa mtoto ambaye mama yake alikuwa amebadilisha shampuu tatu, na tulipochungulia pua tukakuta kipande cha sponji ya godoro alichokisukumia humo siku nyingi nyuma, kikiwa kimeoza. Dalili yake ilikuwa kamasi nzito inayotoka tundu moja tu. Sikio linalotoa usaha nalo hulowesha nywele za kando, na mzazi hudhani zinazonuka ni nywele.

Kwenye ngozi yenyewe tafuta mapunye: duara lenye magamba meupe, nywele zilizokatika karibu na shina zikaacha vidoa vyeusi, au uvimbe laini wenye majimaji na vigaga. Papasa pia nyuma ya shingo kama kuna mitoki. Mapunye makavu kwa kawaida hayanuki, lakini yakichimbika na kuingiwa na bakteria hutoa uvundo. Na hapa ndipo mafuta yanapoleta hasara mara mbili, kwa sababu hulainisha magamba yasionekane, mzazi akaamini ngozi ni safi.

Ndimu iache kabisa. Huchoma ngozi yenye michubuko, na ngozi iliyopakwa ndimu kisha ikapigwa na jua inaweza kubabuka.

Mama Wawili, Tanga

Ahsanteni nyote, na babu usinikasirikie. Nimechukua siku tano kabla ya kujibu ili nije na habari kamili.

Chupa ilikuwa imechacha kweli. Niliyamimina mafuta kidogo kwenye kijiko, nikayapasha moto, na uchachu ule ule ukajaa jikoni, nikasikia aibu kwa siku zote nilizokuwa nikimpaka nikidhani namnukiza. Nilimfumua, nikamwosha na kumkausha, na siku mbili za mwanzo nilidhani tumemaliza. Siku ya tatu uchachu haukuwepo, lakini uvundo ulirudi, na safari hii niliupata kisogoni peke yake. Nilipozitenganisha nywele niliona mahali pa ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, pana vigaga na majimaji, nywele zimekatika, na chini yake shingoni vimbe mbili ngumu kama kunde. Yote hayo yalikuwa chini ya mistari niliyoisuka kwa mikono yangu.

Jana tulikwenda kituo cha afya. Amepimwa uzito, amepewa griseofulvini, dawa ya mapunye ya kumeza, na dawa nyingine ya bakteria. Muuzaji wa duka la dawa la mtaani kwetu ananiambia krimu ya kupaka ingetosha na ni rahisi zaidi. Je, ni kweli? Na je, sasa ninyoe? Nina pia mdogo wake wa miaka 3, ambaye hunyolewa kwa mashine ya kinyozi na wanalala kitanda kimoja.

Tabibu wa Watoto

Krimu peke yake haitoshi kwa mapunye ya kichwani, kwa sababu kuvu wake huingia ndani ya unywele na kwenye kishimo chake, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Ndiyo maana dawa ni ya kumeza, kwa kipimo kinachotegemea uzito, na kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 8. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwani ndivyo mwili unavyoipokea vizuri. Harufu itaondoka mapema, pengine ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, na hapo ndipo wazazi wengi huacha dawa; wewe uendelee hadi utakaporudi kituoni wakuruhusu kuacha. Uvimbe ukikua, au akipata homa, mrudishe bila kungoja tarehe.

Kunyoa si lazima, kwa kuwa wembe hukata kilicho juu tu. Punguza nywele zinazozunguka kidonda ili uweze kukiosha. Ukipata shampuu ya ketokonazoli, mwoshe nayo mara mbili kwa wiki. Haiponyi yenyewe, lakini hupunguza mbegu za kuvu anazowaambukiza wengine. Mdogo wake mkague leo, mtenganishie mto na taulo, na mwambie kinyozi asafishe mashine kwa spiriti kabla hajamgusa.

Msusi wa Siku Nyingi

Nami naongeza moja la kazini kwangu: vitana vya zamani vitupe, na usimpeleke kusukwa popote mpaka amalize dawa, kwa sababu chanuo lile lile litapita kwenye kichwa cha mtoto mwingine. Akipona, nileteeni salamu, nami nitakuelekeza namna ya kuchemsha mafuta ya nazi hadi yaache kutoa sauti chunguni, maana hapo ndipo maji yanapokuwa yamekwisha.

Mama Wawili, Tanga

Nimemkagua mdogo wake kwa tochi. Ana duara moja dogo juu ya sikio, kavu, lisilonuka kabisa. Kesho asubuhi tunarudi kituoni.