Nimeona bloku ya Penny Red ya 1841 mnadani, nikague nini kabla ya kuweka dau?

Stempu_Kale: Wakuu, salamu. Kuna bloku ya stempu nne za Penny Red (stempu nyekundu ya Uingereza ya peni moja), zile zisizo na vitobo vya kuchania, inauzwa mnadani Uingereza. Herufi za pembe za chini: safu ya juu M-G na M-H, safu ya chini N-G na N-H. Muuzaji anasema haijatumika na gundi ni ya asili. Bamba la kuchapia hajalitaja, hati ya wataalamu ya kuthibitisha uhalisi hakuna, na picha ni ya mbele tu. Niko Dar, siwezi kwenda kuishika. Nianzie wapi?

LenziKumi: Herufi zimefuatana sawasawa, lakini usiridhike nazo. Karatasi nzima ilikuwa na stempu 240, safu 20 za stempu 12. Herufi ya kushoto ni ya safu, A hadi T. Ya kulia ni ya nafasi ndani ya safu, A hadi L. Kwa hiyo M-G ni stempu ya 7 kwenye safu ya 13. Anayeunga jozi mbili kutengeneza bloku anayajua hayo kuliko wewe, na atatafuta jozi zinazofuatana.

Kinachomuumbua ni bamba. Herufi ziligongwa kwenye bamba kwa mkono, moja moja, ndiyo maana mkao wake haufanani: hapa N imeinama, pale G imegusa ukingo wa kisanduku chake. Namba ya bamba haiko kwenye stempu, iliandikwa pembeni mwa karatasi tu, hivyo utaitambua kwa kulinganisha mikao hiyo na picha za mabamba yanayojulikana. Jozi ya juu ikiwa ya bamba moja na ya chini ya bamba jingine, hicho ni kiraka, hata kama kimeungwa kwa ustadi.

MamaAlbamu: Naongezea kwa LenziKumi. Dai picha ya nyuma, na nyingine iliyopigwa huku mwanga ukitokea nyuma ya karatasi. Skani ya nukta 1200 kwa inchi inatosha. Asipotoa, achana nayo.

Tazama mambo haya:

Kwanza taji. Kila stempu ina alama ya maji ya taji dogo, yaani mchoro ulio ndani ya karatasi yenyewe. Karatasi ilitengenezwa kwa mkono, kwa hiyo taji moja kupinda kidogo si hoja. Ila yakiwa mawili ya juu yamekaa katikati na mawili ya chini yote yamesogea kushoto, uliza. Na kama taji moja tu limesimama kichwa chini, tilia shaka zaidi: karatasi iliingia mashineni nzima, kwa kawaida stempu moja haigeuki peke yake.

Pili rangi ya nyuma. Penny Red nyingi zina karatasi iliyogeuka samawati kwa sababu ya kemikali ya wino, na kichwa cha Malkia Victoria huonekana nyuma kikiwa cheupe. Zote nne zinapaswa kukaribiana. Mbili samawati iliyokolea na mbili nyeupe kabisa ni dalili ya karatasi mbili tofauti.

Tatu, nafasi kati ya stempu. Ni kama milimita moja tu, na mkato hupita humo humo. Kwenye mwanga wa nyuma mkato ulioungwa huonekana kama mstari mnyoofu mno.

Karani77: Faida moja ya bloku ambayo watu huisahau: stempu moja isiyo na vitobo inaweza kuwa ya 1854 au baadaye iliyokatwa vitobo vyake. Kwenye bloku hilo haliwezekani, maana katikati pangebaki vitobo. Wasiwasi wako uwe kwenye kuungwa na kwenye gundi. Gundi iliyopakwa upya hujitokeza ukingoni: imefunika hadi ubavu wa karatasi pale mkasi ulipopita. Ya asili ilikuwepo kabla ya kukatwa, kwa hiyo inaishia kwenye mkato.

LenziKumi: Kuhusu hati: kabla ya mnada waandikie kwamba unanunua kwa sharti la kupelekwa kwa wataalamu. Nyumba nyingi za mnada hukubali ukiomba mapema, hukataa ukiomba baada ya nyundo. Kamati ya Royal Philatelic Society London au BPA, wote wakaguzi wa stempu wa Uingereza, inatosha. Hati ya zamani nayo isikulevye. Linganisha picha yake na bloku yenyewe, kwani bloku ya stempu sita hukatwa ikabaki ya stempu nne huku hati ikiendelea kuzunguka.

Stempu_Kale: Asanteni sana. Ikinifikia, niitie kwenye maji kuona taji?

MamaAlbamu: La hasha! Maji yataondoa gundi, na gundi ndiyo sehemu kubwa ya bei. Tumia benzini ya wakusanyaji, usitumie petroli ya gari, inaacha mafuta. Sahani nyeusi, matone machache, dirisha wazi, mbali na moto. Taji litajitokeza, na mkato ulioungwa au sehemu iliyokwanguliwa itageuka nyeusi. Subiri ikauke yenyewe, kisha ishike kwa kibano bapa. Kama nyuma kuna kikaratasi cha zamani cha kubandikia, kiache.

Karani77: Kwa Dar tatizo kubwa ni unyevu. Gundi hulainika ikashika chochote kilichoigusa, halafu madoa ya kahawia yanafuata. Weka kwenye mfuko wa poliesta, usitumie PVC kwa sababu hutoa kemikali inayolainisha rangi. Albamu isimame kama kitabu. Ukizilaza na kuzipandanisha uzito unabana gundi. Kipimo cha unyevu kikae karibu na 50 kwa mia. Pakiti za silika (za kufyonza unyevu) kaushia jikoni zikishabadilika rangi. Na kasha la chuma lililofungwa muda mrefu hushikilia unyevu ndani, kwa hiyo lifungue mara kwa mara siku kavu.