Msaada: Mama mmoja anavuruga kikundi cha mafundisho ya watu wazima, nimhamishe vipi?

Tembo_Mpole (mtoa mada):
Wakuu, habari za Jumapili. Naomba ushauri, matusi sitaki.

Parokiani kwetu hapa Dar, Katoliki, kuna darasa la watu wazima kila Jumapili baada ya misa ya pili. Wamo wakatekumeni ambao hawajabatizwa kabisa, na wamo waliotoka madhehebu mengine wanaoomba kupokelewa. Katekista anafundisha, halafu tunagawanywa vikundi vya kujadiliana, kila kikundi na mwezeshaji wake. Mimi ni mwezeshaji. Tunakaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mapadre, viti vya plastiki, watu kumi na kitu.

Sasa kuna mama mmoja mtu mzima, katokea KKKT, yaani Walutheri. Anakuja na daftari, maswali kayaandika kwa kalamu nyekundu. Toharani, huko roho za wafu zinakotakaswa, imeandikwa wapi? Kwa nini niungame kwa mtu mwenye dhambi kama mimi? Kwa nini Wamakabayo wamo kwenye Biblia yenu, kwenye yangu hawamo? Saa inakwisha tuko swali la pili. Wawili wameacha kuja. Nataka ahamie kikundi cha katekista mwenyewe. Nimwambieje asiumie?

Mama Sembe:
Pole baba. Ila mtu mzima kuuliza ndiyo dalili kwamba anasikiliza. Mimi nilibatizwa mkubwa, mkesha wa Pasaka, nina watoto watatu. Darasani nilikuwa nabebesha mtoto swali. Katekista akanigundua, akaniambia mama, huyo mwanao wa darasa la pili anajuaje habari za Utatu? Nilicheka hadi leo.

Fundi Saa:
Wamakabayo jibu lake rahisi. Tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale ilikuwa nao, Kanisa likaendelea nao, Waprotestanti wakafuata orodha ya Kiebrania. Na ukisoma 2 Wamakabayo sura ya 12 utakuta kuombea wafu, kwa hiyo swali lake la toharani na hilo ni swali moja. Umeshindwa nini hapo?

Tembo_Mpole:
@Fundi Saa sijashindwa kujibu mkuu. Ni NAMNA anavyouliza.

Mwalimu wa Zamu:
Mtoa mada, shida yako ni utaratibu. Mnachanganya kushirikishana na kubishana. Zile hatua saba za kushirikishana Injili zilizotoka Lumko, taasisi ya Kanisa kule Afrika Kusini, ndizo jumuiya nyingi zinatumia: mnamkaribisha Bwana, mnasoma, kila mtu anarudia neno lililomgusa, mnanyamaza, mnashirikishana, mnaangalia mtatenda nini, mnasali. Kwenye kushirikishana hakuna kuhubiri wala kumjibu mwenzako, mtu anasema "mimi limenigusa hivi", basi. Maswali yawekee muda wake mwishoni, andikeni, yale magumu mpelekeeni katekista. Huyo mama atabaki na daftari lake na wengine watapumua. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliposisitiza jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976 walitaka waamini waongee, siyo wasikilize tu kama wako kwenye mhadhara.

Kiboko wa Kinondoni:
Hizo jumuiya zenyewe siku hizi ni michango tu. Jumamosi alfajiri umekaa kwenye mkeka, Injili dakika kumi, daftari la michango dakika arobaini 😂

Mama Sembe:
@Kiboko wewe mara ya mwisho kwenda ni lini?

Kiboko wa Kinondoni:
Mama tusifike huko.

Binti Ukindu:
Turudi kwenye mada. Kaka, umesema "namna anavyouliza". Namna gani? Na huyo mama ni nani kwako? Mtu baki hawezi kukukosesha usingizi kwa ajili ya Wamakabayo.

Tembo_Mpole:
Ni muumini tu kama wengine.

Binti Ukindu:
Nimeuliza ni nani KWAKO.

Tembo_Mpole:
Sawa. Ni mama mkwe. Mtarajiwa.

Kiboko wa Kinondoni:
Weeeee! Leteni mkeka 🍿

Tembo_Mpole:
Ndiyo maana sikutaka kusema, mngeacha mada. Naishi na binti yake, tuna mtoto mmoja. Posa nilipeleka, mahari nimetoa nusu. Jumapili iliyopita tulikuwa na Yohane sura ya nne, mwanamke Msamaria kisimani. Ikafika zamu yake kusoma. Akasoma taratibu hadi pale "naye uliye naye sasa siye mume wako". Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaniangalia. Akasema, "Mwezeshaji, hili neno linawahusu wanawake peke yao?" Kikundi kizima kimya. Kijana mmoja akajifanya anakohoa.

Fundi Saa:
🤣🤣🤣 Huyo mama apewe kikundi yeye.

Mzee wa Kigango:
Mwanangu, kumbe ni ndoa ya sogea tukae. Somo hilo limewekwa Dominika ya tatu ya Kwaresima, Mwaka A wa masomo ya misa, kwa ajili ya wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa Pasaka, wajipime. Mpimaji naye anapimwa. Nusu ya mahari iliyobaki ni ipi?

Tembo_Mpole:
Shikamoo mzee. Imebaki mbuzi wawili na mkaja wa mama.

Binti Ukindu:
MKAJA WA MAMA. Yaani unadaiwa na huyo huyo unayetaka kumfukuza darasani.

Tembo_Mpole:
Simfukuzi! Namhamisha kwa manufaa ya kikundi. Na hata kumtoa kwenye grupu la WhatsApp nilimtoa ili watu watulie, nilipanga kumweleza baadaye.

Mama Sembe:
Umemtoa tayari? Sasa unatuomba ushauri wa nini, baba?

Tembo_Mpole:
Wa namna ya kumweleza.

Dereva wa Usiku:
Mtaniwia radhi, mimi naona chai hapa, tena ya maziwa. Paroko gani anampa kikundi mtu anayeishi kinyumba? Kusimamia ubatizo tu, kanuni ya 874 ya sheria za Kanisa inataka mtu aliyeimarishwa, aliyepokea Ekaristi na anayeishi inavyompasa Mkristo. Halafu mama mkwe Mlutheri aangukie kikundi cha mkwe wake, na siku hiyo hiyo lisomwe la Msamaria? Mtunzi kajitahidi.

Kiboko wa Kinondoni:
Ila ile ya kufuta miwani kwa kanga huwezi kutunga.

Dereva wa Usiku:
Ndiyo hiyo haswa inayotungwa.

Tembo_Mpole:
Kusimamia ubatizo na kuwezesha majadiliano ni vitu viwili. Mimi sifundishi, anafundisha katekista. Na nilihamia parokia hii mwaka jana, hakuna aliyeniuliza habari za ndoa. Mama ndiye alinifuata huku, anataka ampate binti yake kanisani.

Mzee wa Kigango:
Hakuna aliyekuuliza? Barua ya utambulisho ya jumuiya uliyotoka iliandika nini? Nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya, kwetu barua hiyo ina mahali pa ndoa, na siyo maandishi madogo.

Dereva wa Usiku:
Sasa tunaelekea pazuri.

Mwalimu wa Zamu:
Iwe kweli au chai, mrudishe mama kwenye grupu leo. Kisha muone paroko kabla mama hajamuona. Hakuna kikundi kinachokusubiri ukamilike, ila kinajua ukikificha.

Binti Ukindu:
Yuko hewani tangu saa tatu, hajibu la barua.

Fundi Saa:
Anaitafuta kwenye sanduku la nguo.

Mchuuzi_77:
Samahanini kuingilia. Mimi ni Mmoraviani, nataka kuingia darasa kama hilo. Nitabatizwa tena? Na nikienda sasa watanipokea au nisubiri mwaka mpya?

Mzee wa Kigango:
Hubatizwi tena ukiwa ulibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Utapokelewa tu. Nenda kwa katekista hata Jumapili hii, chukua na cheti chako cha ubatizo. Na kama umeoa, chukua na cha ndoa.