Usukani wa kukunja hautaki kushuka: nisafishe egemeo, niongeze kapi au nitie risasi?

MwanaShela
Assalaam aleikum wanabahari. Nina kiboti cha faiba cha futi 14, tanga moja, nakwenda nacho Shela, Manda mpaka Takwa. Usukani wake ni wa kukunja: ukigonga mchanga unaruka juu, kisha unaushusha kwa kamba iliyopitishwa kwenye kana, yaani mkono wa kuuongozea. Kuupandisha hakuna taabu. Kuushusha ndiyo kazi, navuta kwa mikono miwili huku boti likienda linakotaka. Ubao ni wa mvule: urefu sm 70, upana sm 22, unene sm 2. Nimeshauriwa kubadili washa (vipete bapa vya bolti), kuongeza kapi (kigurudumu cha kupitishia kamba), au kutoboa ubao nitie madini ya risasi uwe mzito. Nianze na kipi?

Fundi_Matondoni
Waaleikum salaam ndugu yangu. Usinunue kitu bado. Toa usukani kwenye rumada (bawaba zake), ushike ukiwa nchi kavu, ukunje na kuukunjua kwa mkono. Ukiwa mgumu hapo, maradhi yako kwenye egemeo, pale ubao unapozungukia bolti. Kapi na risasi havitakufaa.

Mbao ikinywa maji hufura. Kila mwaka mtu anapaka rangi juu ya rangi, unene unazidi, halafu chumvi na mchanga vinajaza nafasi iliyobaki. Fungua bolti, utazame ubao pale unaposuguana na mashavu, zile pande mbili zinazoubana: ukiona duara linalong'aa au rangi iliyochunika, umepata jibu. Piga msasa mpaka ubaki mwanya wa milimita moja hivi kila upande, paka epoksi hata ndani ya tundu la bolti, maana maji huingilia hapo. Washa usitie za nailoni, nazo hunywa maji. Kata kwenye kile kibao cheupe cha plastiki cha kukatia nyama. Nati iwe ya kujifunga, uikaze mpaka ubao usicheze, basi. Grisi usitie, inashika mchanga. Sugua mshumaa.

KusiNaKaskazi
Naunga mkono jaribio la fundi, na kuna la pili: boti likiwa limesimama majini, sikiliza ugumu uko wapi. Ukiwa mwanzoni, ubao umelala, kisha unalegea kadiri unavyosimama, basi mbao inaelea. Ubao wako una ujazo wa lita 3 hivi na uzito wa kilo 2, kwa hiyo ukizama maji yanausukuma juu kwa kilo moja. Ni kidogo, ila nguvu hiyo iko katikati ya ubao, sm 35 kutoka kwenye bolti. Kamba kama imefungwa sm 6 tu kutoka kwenye bolti, mkono wako unavuta karibu kilo 6, bado msuguano.

Kwa hiyo kabla ya kapi, tazama kamba imefungwa wapi. Ukiisogeza mpaka sm 12, mvuto unapungua nusu bila kununua chochote, ingawa utavuta kamba ndefu mara mbili. Kapi linakupa nafuu hiyohiyo na kuongeza msuguano wake.

Risasi inafanya kazi, nisiibeze. Gramu 650 karibu na ncha zinatosha kuua kule kuelea. Tumia chubwi, vile vizito vya mshipi wa kuvulia, uzipange kwenye tundu na kumwaga epoksi. Usiyeyushe risasi ndani ya mbao: ikikuta unyevu inaruka usoni, na moshi wake ni sumu. Lakini risasi haitauzuia ubao kuinuliwa na maji boti likikimbia. Bado utahitaji kamba.

BintiMalindi
Hilo la mwendo ndilo wengi wanalisahau. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya maji inakuwa mara nne. Geuza omo (mbele ya boti) kwenye upepo, tanga lipige, boti lipoe, ndipo ushushe. Na ushushe mpaka mwisho! Ubao ukibaki nusu, msukumo wa maji unarudi nyuma ya rumada na kana inakuwa nzito vibaya sana, hasa kusi likivuma.

Huku kwetu karibu na mdomo wa Sabaki mafungu ya mchanga huhama, kwa hiyo kamba siifungi fundo. Nina kishikio cha kamba, cha Clamcleat, kinachojiachia chenyewe usukani ukigonga. Hapo ningetoa pesa kabla ya kapi.

Mzee_wa_Mkanda
Wanangu, mie bado napenda usukani wa kipande kimoja. Nguvu zake ni nyingine. Lakini kwa mwenda Takwa, maji yakianza kupwa, wa kukunja una haki yake. Fuata la fundi.

MwanaShela
Ahsanteni sana. Nimeujaribu hapa ufukweni: unakwama kabla ya nusu, na duara linalong'aa lipo pande zote mbili. Bolti nayo imepinda kidogo. Naanza na msasa, washa na bolti mpya, kisha naisogeza kamba. Risasi naiacha. Kamba ninayo ya nailoni, milimita 6, inafaa?

BintiMalindi
Hapana kaka, nailoni inanyooka. Utaifunga ubao ukiwa chini, baada ya muda utaukuta umeinuka. Tafuta kamba ya Dyneema, isiyonyooka, ya milimita 4, au poliesta iliyosukwa. Pima kwanza kishikio chako kinashika kamba ya unene gani.

Fundi_Matondoni
Bolti iwe ya chuma kisichoshika kutu, na sehemu inayopita kwenye ubao iwe laini, isiwe na nyuzi za kukazia nati. Nyuzi zinakula tundu.